Imani ya siku za kazi mjini Goma

Siku ya Jumapili mjini Goma ni vigumu kupata kartie isiyosikika ngoma na vipaza sauti vya kanisa. Kuanzia Birere hadi Majengo, kutoka Katindo mpaka Ndosho, kila baada ya nyumba chache kuna kibao chenye jina la kanisa, na usiku wa Ijumaa kuna mikesha ya maombi inayodumu mpaka alfajiri. Vita haikupunguza jambo hilo, ililiongeza. Familia zilizokimbia Masisi, Rutshuru na Nyiragongo zilifika na sufuria, godoro na Biblia. Katika kambi za Bulengo, Lushagala, Rusayo na Kanyaruchinya watu walisali juu ya mawe ya volkeno, mvua ikinyesha, wakati hata choo kilikuwa bado hakijachimbwa.

Kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza kama watu wa Kivu wanasali. Wanasali sana. Swali ambalo waamini wachache hujiuliza ni hili: imani hiyo inakulia wapi, na mtu atajuaje kama yake imekua? Mara nyingi jibu hutolewa kwa hesabu ya mikesha, kwa ukubwa wa sadaka, kwa sare mpya ya kwaya, au kwa miaka ambayo mtu amekuwa shemasi. Kijana mmoja wa Goma alitoa jibu lake akiwa ofisini, siku ya kazi, na lilimgharimu maisha.

Floribert Bwana Chui bin Kositi alizaliwa mjini Goma mwaka 1981. Alisoma sheria, kisha akapata kazi katika OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Kila mama anayefanya biashara ndogo mpakani anaijua ofisi hiyo. Gunia la mchele, la unga au la sukari halipaswi kufika sokoni kabla ya mkaguzi kuandika kwamba linafaa kuliwa na watu. Kazi yenyewe haina sifa yoyote. Mtu anakaa mezani, anafungua mfuko, anatazama, ananusa, anaandika, anapiga muhuri. Lakini katika nchi ambamo mshahara huchelewa, kila mmoja anajua kwamba muhuri ule una bei yake pembeni.

Mwaka 2007 ulimfikia mzigo wa mchele ulioharibika. Wenye mali walitaka upite, wakaahidi pesa. Alikataa. Waliongeza, akakataa tena, na shinikizo likatoka pia kwa watu wenye cheo. Mwezi wa saba mwaka huo alitekwa nyara, na siku chache baadaye mwili wake ukapatikana ukiwa na alama za mateso. Alikuwa na miaka 26. Novemba 2024 Baba Mtakatifu Fransisko alikubali kwamba kijana huyo aliuawa kwa sababu ya imani yake, na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa mwenye heri mjini Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo. Siku hiyo uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa tangu Januari, benki za mji pia zimefungwa, na wakaaji wengi wa mji aliozaliwa hawakuwa na njia nyingine ya kuifuata sherehe ila kwa simu na redio.

Anayesikia habari hiyo mara ya kwanza anaona ushujaa wa wiki moja. Wanaomkumbuka katika jumuiya ya Sant'Egidio, ambamo alikuwa mmoja wao, wanaeleza zaidi ya hapo. Kabla ya mchele kulikuwa na maibobo. Vijana wa jumuiya hiyo waliwatafuta watoto wa barabarani, wakala nao, wakawafundisha kusoma, wakatafuta namna ya kuwarudisha shuleni. Floribert alikuwa mmoja wa waliofanya hivyo, wiki baada ya wiki, bila gazeti wala kamera. Mtu aliyezoea kukaa meza moja na mtoto wa barabarani anajua mchele wa bei rahisi unaishia tumboni mwa nani. Tajiri wa Himbi hatanunua mchele unaonuka. Atakayeununua ni mama wa Birere anayepima kopo moja kwa siku, na watoto wake. Siku ile mezani, mkaguzi alikuwa akiwaona walaji nyuma ya magunia. Pesa alizoletewa zingekuwa pesa za kuwaumiza watu aliowajua kwa majina.

Hapo ndipo penye fundisho kwa yeyote anayetaka kukua katika imani ya Kikristo akiwa na maisha ya kawaida, maisha ya soko, foleni na deni. Siku ya jaribu kubwa mtu hapati imani mpya. Anachukua ile aliyoijenga kwa mambo madogo, naye anaikuta ikiwa imara au ikiwa haipo. Mkaguzi aliyepokea dola tano kwa gunia la chumvi mwezi wa kwanza hatakataa dola elfu kwa mchele mbovu mwezi wa saba. Mkono wake umeshazoea.

Yafaa kukumbuka kwamba Biblia yenyewe inapenda meza za namna hiyo. Matayo aliitwa akiwa kwenye kibanda cha ushuru. Zakayo wa Yeriko alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, na siku imani ilipoingia nyumbani mwake haikutokea kwa kuimba. Ilitokea kwa hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Nabii Amosi alikasirishwa na watu waliosubiri sabato iishe haraka ili wakarudi kupunguza kipimo na kuuza makapi ya ngano. Wakati wake hakukuwa na OCC, lakini mchele mbovu ulikuwapo.

Na Kongo si mara ya kwanza kutoa mtu wa namna hii. Isidori Bakanja, aliyetangazwa mwenye heri mwaka 1994, alikuwa mfanyakazi wa kawaida katika kampuni ya wakoloni huko Equateur. Alipigwa viboko mpaka akafa mwaka 1909 kwa sababu hakukubali kuvua skapulari na kuacha kusali mbele ya bosi wake. Wote wawili walikuwa walei na wafanyakazi, na wote wawili jaribu liliwakuta kazini.

Sasa turudi sokoni, maana wengi wanaosikiliza habari hii hawana muhuri wala ofisi.

Katika masoko ya Goma maharagi, unga na mchele vinapimwa kwa kopo. Kila mnunuzi anajua kwamba kopo si zote sawa. Kuna lililogongwa chini kwa nyundo mpaka sehemu ya ndani ikapanda juu. Ukilitazama kwa nje ni kopo zima, ndani linakosa konzi nzima. Kuna muuzaji anayejua kuweka kidole gumba ndani wakati wa kupima. Muuza makala naye anajua kujaza vumbi katikati ya gunia na kupanga vipande vikubwa juu. Muuzaji akiulizwa atasema, na mara nyingi ni kweli, kwamba yeye mwenyewe alipunjwa na aliyemuuzia kwa jumla, kwamba kodi za barabarani ni nyingi, kwamba vizuizi kutoka Masisi vinakula faida yote. Kila mmoja anamsukumia mwenzake pungufu, na pungufu hiyo haisimami mpaka imfikie asiye na wa kumsukumia. Huyo ni mhami wa vita, mwenye franka elfu moja na watoto sita.

Basi mama mkristo anayeamua Jumatatu moja kutupa kopo lake lililogongwa na kununua zima, anafanya jambo la kiroho lisilo dogo. Anajua atapoteza wateja ikiwa atapandisha bei kidogo, na akiiacha bei atapoteza faida. Hakuna atakayempigia makofi. Pengine jirani yake wa meza atamcheka kwamba amekuwa mtakatifu. Akivumilia wiki ya kwanza na ya pili, amekua kuliko aliyefunga kula siku tatu na kurudi kwenye kopo lake lile lile.

Ni hivyo pia kwa vibanda vya kutoa pesa kwa simu. Tangu benki zilipofungwa mwanzoni mwa 2025, pesa taslimu zimekuwa adimu, na anayetaka kutoa dola zake amelazimika kukubali kukatwa sehemu kubwa kuliko zamani. Mwenye kibanda ana haki ya kupata riziki, na yeye pia hutafuta noti kwa shida. Lakini kati ya gharama halisi na kumkamua mgonjwa anayetaka pesa ya hospitali kuna nafasi, na katika nafasi hiyo mkristo anajulikana. Hakuna mhubiri atakayesimama pale kumpimia. Yuko peke yake na simu yake.

Jambo zito kuliko yote kwa familia za wahami ni orodha.

Anayeishi au aliyewahi kuishi kambini hahitaji kuelezwa. Mashirika ya kiutu hutoa msaada kwa orodha na kwa jetoni, na kabla ya shirika kufika, majina yamekwisha kupita mikononi mwa wakuu wa bloku na kamati. Ni hapo mambo huharibika. Yanaingia majina ya watu wasiolala kambini hata usiku mmoja. Jetoni zinauzwa. Familia iliyofika jana kwa miguu inaambiwa orodha imefungwa, huku mwenye nyumba nzuri mjini akichukua mafuta na unga na kuupakia kwenye chukudu mbele ya macho ya wenye njaa. Si kila kambi, si kila kamati. Wapo wakuu wa bloku waliokufa maskini kwa kukataa. Lakini malalamiko haya yamesikika kwa miaka, na wahami wenyewe ndio wa kwanza kuyatoa.

Na walio kwenye kamati hizo ni nani? Wengi ni waamini. Ni wazee wa kanisa, ni wanakwaya, ni viongozi wa jumuiya ndogo za Kikristo, zile ambazo huku Kivu huitwa shirika. (Bahati mbaya ya lugha: neno moja, shirika, linataja kundi la sala na pia wale wanaoleta unga. Labda ndiyo sababu wengine wanachanganya.) Walichaguliwa hasa kwa sababu watu waliwaamini kwa ajili ya imani yao. Mtu wa namna hiyo anapouza jetoni thelathini, anaiba unga, na pia anamfundisha mhami kwamba sala haina uhusiano na kitu chochote. Mtoto aliyesimama foleni siku hiyo na kurudi mikono mitupu atakumbuka nani alikuwa na daftari, na Jumapili nani alishika kipaza sauti.

Hapa msikilizaji atasema: Floribert alikuwa na mshahara, alikuwa na diploma, alirudi nyumbani kula. Inawezekanaje kumlinganisha na mama asiye na chochote? Je, mama ambaye jina la mtoto wake aliyefariki bado liko kwenye orodha, naye hakulifuta kwa sababu lile jina linaleta kilo chache za unga kwa wale waliobaki, ahukumiwe kama mwizi?

Pingamizi hilo ni la haki na halipaswi kurukwa haraka. Mama huyo na mwenye jetoni thelathini hawawezi kuwekwa kwenye mizani moja, na mhubiri anayewaweka pamoja hajawahi kulala na njaa. Zakayo aliyeahidi kurudisha alikuwa tajiri na mkubwa wa kazi. Hakuna mahali ambapo kipofu wa Yeriko, aliyekuwa akiomba kando ya barabara ya mji huo huo, aliulizwa hesabu. Anayepaswa kutetemeka kwanza ni mwenye kalamu. Kadiri mkono ulivyo karibu na ghala, ndivyo swali linavyokuwa kali.

Hata hivyo, kumwambia maskini kwamba yeye hawezi kuwa mwaminifu kwa sababu ni maskini ni kumdharau mara ya pili. Kambini wapo wamama waliorudisha jetoni waliyopewa kwa kosa. Wapo waliogawa kipimo chao na jirani aliyeachwa nje ya orodha, konzi kwa konzi, bila kusubiri wahubiriwe. Watu hao hawana jina kanisani. Ikiwa kuna mtu kambini wa kuulizwa namna imani inavyokua, aulizwe yule mama aliyepika sufuria moja kwa nyumba mbili.

Historia ya karibuni ya Goma na Sake inaonyesha jambo hilo vizuri. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Siku tano baadaye viongozi waliamuru kartie 10 kati ya 18 za mji ziondoke kwa hofu ya mlipuko mwingine, na umati wa wakaaji wa Goma ukashika barabara ya magharibi kwenda Sake, kilomita kama 25, wengine wakaendelea mpaka Minova na Bukavu. Sake ulikuwa mji mdogo, na ghafla ulijaa. Watu walilala makanisani, shuleni, na katika nyumba za watu ambao hawakuwa ndugu zao. Maji yalikuwa haba. Wenye nyumba waligawa walichokuwa nacho.

Februari 2024 vita ikafika Sake. Safari hii ni watu wa Sake walioshika barabara hiyo hiyo kuja Goma, wakiwa na bidoni na watoto mgongoni. Wapo waliopokelewa na wale wale waliowapokea mwaka 2021, na nyumba za vyumba viwili zikakaliwa na watu kumi na tano. Wapo pia waliopiga simu na simu haikupokelewa. Mwenye nyumba anajua sababu zake: kodi, watoto, hofu ya mabomu yaliyokuwa yakianguka hata kambini. Lakini aliyelala kwenye sakafu ya mtu na kula sombe lake, kisha akanyamaza siku mwenzake alipohitaji sakafu, amebaki na deni ambalo sadaka haiwezi kulipa. Deni hilo bado linaweza kulipwa. Wengi waliokuwa Sake bado hawajapata paa.

Maana mambo yaligeuka tena. Baada ya M23 kuuchukua mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, kambi zilivunjwa mwezi uliofuata, na familia zikaambiwa zirudi zilikotoka. Waliorudi Sake, Kirotshe, Kibumba na vijiji vya Masisi na Rutshuru walifika majira ya kupanda maharagi. Wengine walikuta mabati yameng'olewa, milango imechomwa kuwa kuni, na shamba lao limelimwa na mtu mwingine. Mara nyingi mtu huyo si askari. Ni jirani aliyebaki, au mhami mwenzao aliyetoka kijiji cha mbali zaidi na kukimbilia pale, akaona ardhi tupu, akapanda ili watoto wasife. Pengine ni wa kabila lingine. Pengine anasali kanisa lile lile.

Hapa kusamehe kunaacha kuwa neno la mahubiri. Nani atavuna? Aliyepanda alitoa jasho na mbegu. Mwenye shamba ana haki ya ardhi ya baba yake na hana mbegu hata moja. Watu wakikasirika, panga liko karibu, na Masisi inajua panga linavyomaliza mambo. Kuna njia nyingine ambayo wazee wa vijiji wanaijua tangu zamani: aliyepanda avune msimu huu na kumgawia mwenye shamba sehemu, msimu ujao ardhi irudi. Njia hiyo inamwomba kila upande upoteze kidogo na upoteze kwa hiari. Mkristo asiyeweza kupoteza ndoo tatu za maharagi kwa ajili ya amani na jirani yake, basi ile sala ya kila siku ya kuomba asamehewe kama anavyosamehe inakwama mdomoni.

Februari 2023, akiwa Kinshasa kwenye uwanja wa Mashahidi, Baba Mtakatifu Fransisko aliwaonyesha vijana vidole vyake vitano na kuvipa majina: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha, huduma. Kidole cha uaminifu alikieleza kwa kumtaja Floribert. Yeye mwenyewe alikuwa amepanga kufika Goma, vita ikazuia. Vijana wengi wa Kivu wanaikumbuka hotuba hiyo. Lakini mkono wa vidole vitano haushiki kitu kwa kidole gumba peke yake, na makanisa mengi ya huku yamekifanyia mazoezi kidole kimoja, cha sala, mpaka kimenenepa, huku vingine vimekauka.

Lawama hiyo haiwaendei waamini tu. Kuna wachungaji na mapadri ambao hawajawahi kuuliza sadaka kubwa imetoka wapi. Mfanyabiashara anayejulikana sokoni kote kwa unga uliochanganywa anapewa kiti cha mbele na kushangiliwa kwa kununua mabati ya kanisa. Kuna mikutano ya maombi inayoahidi kazi, viza na nyumba kwa yule atakayepanda mbegu ya pesa, na wanaopanda ni wahami waliouza nusu ya mgao wao. Ikiwa Floribert angekubali zile pesa, kisha akatoa sehemu ya kumi kanisani, ni makanisa mangapi ya Goma yangeikataa bahasha?

Kuna mambo ambayo shirika la kartie au kikundi cha sala kinaweza kuyafanya bila bajeti. Wanapokutana katikati ya juma, baada ya kusoma Injili, waulizane kwa jina kazi ya kila mmoja: wewe unayeuza, wewe unayeendesha moto, wewe uliye kwenye kamati, wiki hii ulibanwa wapi? Mwanamotari ataeleza habari ya abiria aliyesahau simu. Mwalimu ataeleza habari ya mzazi aliyeleta kuku ili mtoto apite darasa. Ni mazungumzo mazito kuliko ushuhuda wa kupona, na watu wataona aibu mara ya kwanza. Pale ambapo kuna ugawaji wa msaada, kanisa liombe orodha isomwe kwa sauti mbele ya watu wote, jina kwa jina, na wazee wa kanisa wawe wa kwanza kukubali majina yao yachunguzwe. Na kamati ikimfukuza mtu kwa sababu alikataa kuandika majina ya uongo, kanisa limsimamie wazi, maana anayekataa peke yake ndiye anayeumizwa. Floribert alikuwa na jumuiya nyuma yake, na hata hivyo aliuawa.

Hili la mwisho halifai kufichwa. Kukua katika imani kwa njia hii kuna hatari, na mjini Goma ya leo, ambamo silaha ni nyingi na mahakama haba, hakuna anayeweza kumwambia mzazi wa watoto sita akatafute kufa. Hakuna anayemwomba hivyo. Wengi hawataletewa kamwe mzigo wa mchele mbovu na watu wenye bunduki. Wataletewa kopo, daftari, simu ya jirani, shamba la maharagi. Ni hayo yanayoamua mtu ni nani.

Mjini kuna shule iliyopewa jina la Floribert, na ndani yake wamesoma watoto wa wahami. Kwenye mpaka, Grande Barrière na Petite Barrière, wamama wanaendelea kuvuka kila asubuhi na ndoo na mabeseni kichwani, na magari ya mizigo yanaendelea kuingia. Mchele unapita, unga unapita. Kuna mtu anayekaa mezani leo na kufungua mfuko wa kwanza, na jioni mama wa Birere atapima kopo lake kutoka gunia hilo.